Bi Mkasi Akataa Kisu Butu

Jumamosi hiyo asubuhi Bi Mkasi alikuwa jikoni kwake akipigana na kabichi.

Nasema akipigana, maana ile haikuwa kukata. Alisimama kwa ncha za vidole vya miguu. Mkono wa kulia ulishika mpini. Mkono wa kushoto uliukandamiza mgongo wa kisu. Kabichi ikakwaruza, ikabonyea, ikagoma.

"Unanigomea mimi?" Bi Mkasi akaiuliza kabichi. "Nimekata suruali za shule nzima, halafu wewe majani tu unanishinda?"

Jina hilo la Bi Mkasi alipewa kazini. Kwa miaka thelathini na moja alikata vitambaa vya sare za shule kwenye karakana ya ushonaji. Wengine walisema jina lilitokana na ulimi wake, na yeye hakuwahi kuwabishia. Sasa alikuwa amestaafu. Alikuwa na miaka sitini na nane, baridi yabisi kwenye vidole, vyumba viwili vya kupanga, na jiko dogo lenye dirisha. Tangu mumewe afariki aliishi peke yake. Jiko lile alilipenda kupita maelezo. Humo alipika anachotaka, saa anayotaka, redio ikiwa juu na hakuna wa kumwambia aipunguze.

Akabadilisha mbinu. Safari hii aliishika kabichi kwa mkono wa kushoto, akakita kisu kwa nguvu zake zote. Kisu kikateleza juu ya jani kama mtu aliyekanyaga sabuni. Kikaja kutua kwenye kidole chake cha shahada.

Damu ikatoka. Na kama vile mikosi hupeana miadi, wakati huohuo mlango ukagongwa.

Alikuwa ni binti yake mkubwa, ambaye ni muuguzi hospitalini. Nyuma yake alikuwa mumewe, yaani mkwe wa Bi Mkasi, fundi wa kupaka rangi nyumba. Mkwe alibeba mfuko wa viazi. Kila Jumamosi walikuja hivyo.

"Mama," alisema muuguzi. Hakusema shikamoo. Aliona tu damu. "Tena?"

"Shikamoo haipo siku hizi?"

"Shikamoo. Lete mkono."

Muuguzi alikisafisha kidole kwa maji safi. Akakibana kwa kitambaa kisafi, akakiinua juu, akakaa nacho vile dakika kumi bila kuchungulia. Damu ilipokatika alikiangalia vizuri, kisha akakifunga bandeji. Kazi yake aliijua.

"Hii ni mara ya tatu kwa miezi miwili," alisema. "Mara ya pili nilikushona mimi mwenyewe, nyuzi nne. Unajua ilivyo kumshona mama yako?"

"Ulishona vizuri. Mishono ilinyooka."

"Mama, sifanyi utani. Mwisho wa mwezi unahamia kwangu. Chumba kipo. Jikoni hutaingia, tutakupikia. Nimeshaongea na mwenye nyumba wako."

Bi Mkasi akaizima redio.

"Umeongea na nani?"

"Na mwenye nyumba. Nimempa taarifa kwamba unahama."

"Mwenye nyumba wangu? Bila mimi kujua?"

"Ningekwambia ungekataa."

"Basi ulijua jibu langu, na bado ukaenda." Damu ilimchemka Bi Mkasi, na safari hii si ya kidoleni. "Nimekuzaa, nimekulea, nimekusomesha kwa mikono hii. Leo mikono hii unaifukuza jikoni?"

"Mikono hiyo imezeeka, Mama. Inatetemeka. Visu vyenyewe havina makali hata kidogo, na bado umejikata. Sasa tatizo ni nini kama si mikono?"

Mkwe, aliyekuwa bado amesimama mlangoni na viazi vyake, akaanza ghafla kuitazama dari. Aliitazama kwa makini sana, kama mtu aliyeitwa kuipaka rangi.

Bi Mkasi aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Walipoondoka, alikaa kwenye kiti cha jikoni. Alilia kidogo, nisikufiche. Alilia kwa hasira. Kisha akajipangusa na kuanza kufikiri. Binti yake amejuaje kwamba visu havina makali? Yeye haji kupika hapa. Anakuja, anapima presha ya mama yake, anakunywa chai, anaondoka.

Akavitoa visu vyake vitatu kwenye droo. Kile kikubwa cha nyama, cha katikati cha mboga, na kidogo cha kumenyea. Akavizungushia gazeti nene, akavifunga kwa uzi, akavitia kwenye kikapu. Akatoka.

Mtaa wa pili kulikuwa na bucha. Aliyesimama nyuma ya meza ya kukatia alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, mwenye mikono minene na aproni nyeupe. Kila mtu alimwita Dada wa Bucha. Alipoanza kazi pale, wanaume walikuwa wakiingia na kumuuliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Naye aliwajibu, "Mwenyewe anakutazama. Nikupimie kiasi gani?" Siku hizi hawaulizi tena.

"Karibu, Mama," alisema. "Kidole kimefanya nini?"

"Kidole hakijafanya kitu. Kimefanyiwa. Naomba uvitazame visu hivi uniambie ukweli. Usinionee haya."

Dada wa Bucha akanawa mikono, akafungua gazeti. Alikichukua kisu kikubwa, akakigeuza makali yatazame juu chini ya taa. Akamwita Bi Mkasi asogee.

"Unaona mstari unaong'aa hapa kwenye makali? Kisu kikali hakiwi na mstari huo. Makali yakiwa membamba, mwanga hauna pa kukaa. Ukiona mstari unang'aa, ujue hapo pamekuwa bapa. Ni butu."

"Nimekitumia miaka mingi. Kimechoka."

"Hapana, Mama. Kisu kikichoka kwa kazi, huchoka zaidi hapa tumboni, panapogusa ubao kila siku. Huku karibu na mpini hubaki makali kidogo. Hiki kimeliwa sawasawa, mwanzo mpaka mwisho. Na ona hii mikwaruzo. Mtu amekisimamisha wima kwenye saruji, akakisugua." Akavitazama vile viwili vingine. "Hiki pia. Na hiki. Mama, una adui nyumbani?"

Bi Mkasi alilikunja lile gazeti.

"Sina adui," alisema. "Nina mtoto."

Dada wa Bucha hakucheka. Alimvutia kiti.

"Basi mtoto wako anakupenda, ila amekosea. Watu wengi wanaamini kisu butu hakina madhara. Ngoja uone."

Alichukua nyanya mbili kwenye kapu lake la chakula cha mchana. Ya kwanza aliikata kwa kisu cha Bi Mkasi. Kisu kikabonyeza, nyanya ikapasuka, maji yakaruka mezani, na kisu kikachepuka pembeni. Ya pili aliikata kwa kisu chake mwenyewe. Alikiweka tu juu na kukivuta. Kipande kikalala, chembamba, bila kelele.

"Umeona nguvu niliyotumia mara ya kwanza?"

"Nimeona."

"Nguvu ile ndiyo inayokata watu. Kisu kikali kinaingia pale ulipokielekeza. Kisu butu hakiingii, kwa hiyo unakisukuma. Ukikisukuma, kinateleza. Kikiteleza, kinakwenda kinakotaka, na kimebeba nguvu zako zote. Halafu usidhani kisu butu hakikati nyama ya mtu. Kinakata, ila kinachana. Kidonda chake kinakuwa kibaya."

"Na mkono wenye baridi yabisi?"

"Huo ndio unahitaji kisu kikali kuliko mkono wowote. Mimi hapa naweza kulazimisha, nina mabega. Wewe huna nguvu za kupoteza."

Bi Mkasi akahesabu kimoyomoyo. Kidonda cha kwanza kilikuwa kidogo, alijikata akimenya kiazi huku anaongea na simu. Hapo visu vilikuwa bado vizima. Binti yake alikuja wiki ileile na kufanya makelele. Baada ya hapo ndipo vikaja vidonda viwili vikubwa. Kimoja kabla, viwili baada. Akatikisa kichwa.

"Nikunolee?" aliuliza Dada wa Bucha. "Nusu saa tu."

"Usininolee. Nifundishe. Ukininolea wewe, vikichakaa watasema tena ni mikono."

"Hapo nimekupenda." Dada wa Bucha akaegemea meza. "Kwanza chagua njia. Nyumbani njia zipo tatu."

"Yupo yule anayepita na baiskeli yenye gurudumu la kunolea."

"Yupo. Kwa kisu kilichoharibika kabisa, au chenye pengo, anafaa. Ila gurudumu linakula chuma kingi kwa mara moja. Na mnoaji akiwa na haraka, kisu kinapata moto, chuma kinalegea, makali hayadumu. Ukimpa, mwambie aende polepole na akichovye majini mara kwa mara. Si jambo la kila mwezi."

"Na vile vidude vya dukani? Unapitisha kisu katikati, unavuta."

"Ni rahisi, na ni heri kuliko kukaa na kisu butu. Lakini kinakwangua, na pembe yake haibadiliki. Miaka miwili mitatu, kisu kimekwisha."

"Na ya tatu?"

Dada wa Bucha akatoa chini ya meza jiwe la mstatili, rangi mbili. "Kinoo. Upande huu unakwaruza, wa kurudisha makali yaliyopotea. Upande huu ni laini, wa kumalizia. Kinataka subira na mazoezi. Lakini ukikijua, hakuna wa kukubabaisha."

"Nachagua hicho," alisema Bi Mkasi.

Mchana wateja walipopungua, somo likaanza. Dada wa Bucha alikilowesha kinoo chake kwa maji hadi kikaacha kutoa mapovu. Akatandika kitambaa kibichi mezani, akakiweka kinoo juu yake ili kisiteleze. Upande wa kukwaruza ukatazama juu.

"Vipo vinoo vya mafuta, lakini hiki ni cha maji. Ukinunua, muulize muuzaji. Sasa laza kisu juu ya jiwe. Inua mgongo wake kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu. Mkono wenyewe unajua."

"Mkono wako unajua. Wangu ndiyo kwanza unaandikishwa shule."

Dada wa Bucha akajikuna kichwa. Hakuwahi kuulizwa hivyo. Bi Mkasi akaomba kipande cha karatasi ya kufungia nyama. Miaka thelathini na moja ya kukata vitambaa haipotei hivihivi. Pembe ya karatasi ilikuwa mraba. Akaikunja mara moja, ikawa nusu. Akaikunja tena, ikawa robo. Ikabaki pembe nyembamba kama kipande cha keki ya kugombaniwa.

"Ni hapa?" aliuliza, akaichomeka chini ya kisu.

Dada wa Bucha aliinama akatazama. "Hapohapo. Miaka yote hii, hakuna aliyenionyesha hivyo."

"Basi leo tumefundishana."

Kisha akaanza. Alisukuma kisu mbele, makali yakitangulia, kana kwamba anataka kumega utando mwembamba juu ya jiwe. Alianzia karibu na mpini akamalizia nchani. Mara ya kwanza aliyumbisha kifundo cha mkono, pembe ikapotea, ubavu wa kisu ukachubuka. Mara ya pili alibonyeza mno.

"Taratibu, Mama. Jiwe ndilo linalofanya kazi. Wewe unaliongoza tu."

"Nimezoea kubonyeza."

"Ndiyo maana uko hapa."

Alirudia. Mara kumi. Mara ishirini. Dada wa Bucha akamsimamisha.

"Sasa gusa upande wa pili. Pitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje, kukatisha makali. Usikipitishe hata siku moja kufuata urefu wa makali, utajichanja. Unahisi nini?"

"Kama ukwaru. Kama uzi wa pindo uliochomoza."

"Huo ukwaru ndio unaotuambia upande mmoja umekamilika. Geuza kisu. Idadi ileile upande wa pili. Kisha geuza jiwe, rudia upande laini kwa mkono mwepesi, mara moja huku, mara moja huku, mpaka ukwaru uishe."

Kisu kikubwa kilimchukua saa nzima. Akakiosha, akakikausha, akakijaribu kwenye karatasi. Kisu kikaipasua karatasi toka juu hadi chini. Bi Mkasi akafurahi kama mtoto, ila hakutaka Dada wa Bucha aone.

"Lakini nami nikuulize," alisema Dada wa Bucha. "Miwani yako iko wapi?"

"Kwenye mkoba."

"Inakata nini huko mkobani?"

Bi Mkasi hapo alishikwa pabaya. Miwani alikuwa anaivaa kwa kusoma tu, kwa maringo yake mwenyewe. Akaufungua mkoba, akaivaa. Ghafla akaiona kila nywele ya mikwaruzo kwenye kisu. Tangu siku hiyo hakukata tena bila miwani.

Kisu cha katikati alikinoa yeye mwenyewe bila kusimamiwa. Cha kumenyea alikirudisha kwenye gazeti jinsi kilivyo.

"Hicho je?" aliuliza Dada wa Bucha.

"Hicho kiache butu kwa sasa. Nina kazi nacho."

Akapitia dukani, akanunua kinoo chake.

Jumatano jioni mkwe alikuja peke yake. Alibeba maboksi matupu, makubwa, ya kufungashia vitu.

"Shikamoo, Mama. Nimeambiwa nilete haya, uanze kufunga kidogo kidogo."

"Marahaba, baba. Weka hapo. Keti."

Alimtengea chai. Alimwacha anywe nusu kikombe. Wanawake waliolea wanajua wakati wa kuuliza.

"Baba, visu vyangu vilisuguliwa wapi?"

Chai ikampalia mkwe. Alikohoa hadi machozi yakamtoka. Kumdanganya mkewe pengine angeweza. Kumdanganya mama mkwe, huku anakula biskuti zake, hakuweza.

"Pale nyuma," alisema kwa sauti ndogo. "Kwenye ngazi ya saruji. Ile siku ulipokwenda msibani."

"Vyote vitatu?"

"Vyote vitatu. Mama, nisamehe. Yeye alikuwa halali. Anaona majeraha kila siku kazini. Alisema tukivitoa makali utakuwa salama. Mimi nikasema sawa."

"Na uliposikia nimeshonwa nyuzi nne?"

Mkwe aliweka kikombe chini. "Niliumwa roho. Nilitaka kusema. Sikuthubutu."

"Basi nikupe vidonge vyako umeze," alisema Bi Mkasi. "Mlinipenda kwa siri, na siri hiyo imenitoa damu. Mngenikalisha mkaniambia, 'Mama, tunaogopa,' ningewasikiliza. Mimi si kikombe cha kufungiwa kabatini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Vizuri. Malizia biskuti. Jumamosi nyote mnakula hapa. Mwambie mkeo aje mapema. Kuhusu visu usimwambie lolote, nitamwambia mwenyewe."

Alipoondoka, Bi Mkasi alivaa miwani. Akachukua boksi la kwanza, akalipima, akachora kwa penseli, akalikata kwa mkasi wa karatasi. Kwa boksi nene alikunja na kushona kwa uzi mzito ala mbili, yaani mifuko ya kuvisha visu. Juu akaziwekea kitambaa cha jinzi. Kisu ndani ya ala hakigongani na vijiko, kwa hiyo makali hayaharibiki. Na mkono unaoingia kwenye droo haukutani na chuma kitupu. Akacheka peke yake. Maboksi ya kumhamisha yalikuwa yamepata kazi.

Jumamosi ikafika. Muuguzi aliingia saa nne, mumewe na watoto wao wawili wakimfuata. Dada wa Bucha naye alikuwa amealikwa, alishakaa mezani na aproni ameiacha kazini. Muuguzi alichungulia jikoni akaona mlima wa kabichi, karoti, vitunguu, nyanya na nyama. Akaona pia kisu kikubwa kinang'aa ubavuni.

"Mama, hicho kisu ni kikali."

"Ni kikali. Nimekinoa mimi."

"Umefanya nini?" Muuguzi aliunyoosha mkono akichukue.

"Usiguse." Bi Mkasi hakupaza sauti. Ila muuguzi, mwenye miaka arobaini na tatu na wodi nzima chini yake, aliurudisha mkono. "Unajua kilikuwa butu. Unajua kwa sababu mlikifanya butu nyie. Mumeo usimlaumu, nilimbana."

Muuguzi alimtazama mumewe. Mumewe akaitazama dari.

"Nilikuwa naogopa, Mama," alisema muuguzi. "Kila mgonjwa mzee akiingia na damu, naona sura yako."

"Najua. Na mimi sikukasirika kwa sababu unaogopa. Nimekasirika kwa sababu ulinifanyia uamuzi." Akamsogezea ubao wa kukatia. Chini yake alikuwa ametandika kitambaa kibichi. Akampa kile kisu kidogo cha kumenyea. "Kata nyanya hiyo. Pole pole, na kidole chako kiwe mbali."

Muuguzi akakata. Tuseme alijaribu. Nyanya ikajibonyeza. Akaongeza nguvu. Kisu kikachepuka, kikagonga ubao kwa kishindo, upana wa kucha moja kutoka kwenye kidole gumba chake.

Muuguzi alikitazama kidole chake. Alikuwa ameshona vidole vingi, hajawahi kuuliza kilichokata kilikuwa kisu gani.

"Sasa hiki." Bi Mkasi akampa kisu cha katikati, mpini ukitangulia. "Usisukume. Vuta tu."

Kisu kikapita kwenye nyanya kama kwenye maji. Muuguzi akakata kipande cha pili. Cha tatu. Bega lake likashuka.

"Kidonda changu cha kwanza kilikuwa mkwaruzo," alisema Bi Mkasi. "Viwili vilivyofuata ulivitia bandeji na nyuzi. Wewe ndiye msomi, hesabu."

Muuguzi alitokwa na machozi, na vitunguu vilikuwa bado havijakatwa.

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Sogea, watu wana njaa."

Na hapo Bi Mkasi akavaa miwani yake, akakaa kwenye kiti kirefu, akaanza kazi. Mkono wa kushoto aliukunja, kucha zikarudi ndani, kisu kikapanda na kushuka kando ya vifundo. Kabichi ile iliyokuwa ikigoma sasa iliteremka nyuzi nyuzi. Alikata na kuongea, wajukuu wakisikiliza mlangoni.

"Kisu tunakatia juu ya ubao. Hatukatii juu ya sahani, wala juu ya saruji, wala juu ya marumaru. Huko ndiko makali yanakofia. Kisu kikikuponyoka, ondoa miguu, kiache kianguke. Hakuna shujaa anayedaka kisu. Ukimaliza unakiosha papo hapo, unakikausha, unakivisha ala. Hukitupi kwenye beseni la mapovu, mwenzio ataingiza mkono asikione."

"Na unakinoa kila lini, Bibi?" aliuliza mjukuu wa kike.

"Kinapoanza kukataa nyanya. Kwangu naona itakuwa kama mara moja kila miezi miwili mitatu. Wewe bado. Kwanza ujifunze kukishika, na mkubwa awe pembeni."

"Na akijikata?" aliuliza muuguzi. Alikuwa amepangusa macho. "Maana kisu kikali nacho hukata, Mama. Nisinyamazie hilo."

"Hapo sema wewe, ni fani yako."

"Kitambaa kisafi, unabana dakika kumi bila kuachia, unainua mkono. Kidonda kikiachama, au damu isipokatika, au kidole kikifa ganzi, unakwenda hospitali. Hungoji kesho."

"Mmesikia," Bi Mkasi aliwaambia wajukuu. "Huyo ndiye mama yenu akiwa kazini kwake. Na hapa ni kazini kwangu."

Dada wa Bucha akamkonyeza mkwe. Mkwe akanyanyuka, akaenda kumenya viazi bila kuambiwa.

Saa saba chakula kilikuwa mezani. Watu sita walikula, na hapakuwa na bandeji mpya hata moja. Walikula hadi sufuria ya mchuzi ikaanza kuonyesha chini. Muuguzi alimwomba Dada wa Bucha amwambie duka linalouza vinoo, na mumewe akakiri kwamba visu vya nyumbani kwao ni vibovu kuliko hivi vilivyokuwa.

Kisha muuguzi akatoka uani na simu yake. Mlango ulikuwa wazi, wakamsikia akiongea na mwenye nyumba. Alimwambia alikosea, mama yake hahami, wala asitafute mpangaji mwingine. Akarudi, akaketi karibu na mama yake, akaushika ule mkono wenye vidole vilivyopinda.

"Basi, Mama," alisema. "Nimeamua. Nimekuruhusu ubaki kwako."

Bi Mkasi akaivua miwani, akamtazama mwanawe kwa upendo wote aliokuwa nao, na hakupepesa macho.

"Sikukuomba ruhusa, mwanangu," alisema. "Nilikualika chakula. Lete sahani nikuongeze."